Dole la Bi Kinyaa

Mama yake hakumwita Bi Kinyaa. Jina hilo alilipata kiwandani, na aliyelibuni hakukosea hata chembe, kwa sababu sidhani kama amewahi kuzaliwa mwanamke mwenye kinyaa kama chake. Unywele mmoja juu ya sabuni ulitosha kumfanya aiache sabuni nzima. Kijiko chenye maji kikiingizwa kwenye sukari, sukari hiyo kwake ilikuwa imekwisha kazi. Mtu akipiga chafya bila kuziba mdomo, yeye aliinuka akahama benchi. Akipewa mkono wenye jasho aliushika kwa adabu zote, kisha akaubeba mkono wake mwenyewe mbali na mwili mpaka bombani, kama mtu aliyeshika panya mkiani.

Na mwanamke huyo, kwa miaka ishirini na miwili, kazi yake ilikuwa kusimama hadi magotini ndani ya udongo uliooza.

Tuelewane hapa, maana watu wa nje hudhani udongo ni udongo tu. Kiwanda kile cha matofali na vigae kilikuwa na shimo la saruji nyuma ya jengo la mashine, ukubwa wake kama chumba cha kulala. Humo ulimwagwa udongo mfinyanzi, maji, samadi ya ng'ombe na majani makavu yaliyokatwakatwa, vikafunikwa kwa turubai na kuachwa vivunde wiki tatu. Udongo ambao haujavunda ni mkaidi, ukiukunja unapasuka. Uliovunda unanata na kukunjika upendavyo, na ukikauka hauachi nyufa. Wenye elimu yao wanasema ni kazi ya vijidudu. Bi Kinyaa hakutaka kusikia habari za vijidudu. Kujua tu kwamba vimo, na kwamba miguu yake imo pamoja navyo, kulimkatia hamu ya chakula mpaka saa saba mchana.

Alivyoipata kazi hiyo ni kichekesho. Walikuja kuiomba wanawake tisa siku moja, wakati mashimo yalikuwa bado matatu. Fundi mkuu wa enzi hizo, mzee mmoja wa tanuri asiye na maneno mengi, aliwapanga mbele ya mashimo akavuta maturubai yote kwa mpigo. Wanane walimeza mate, wakakaza nyuso, wakasema, "Hamna shida mzee, tumeshazoea." Wa tisa aliinama ukutani akatapika. Alipomaliza alijifuta mdomo kwa leso, akaikunja leso mara nne, uchafu ndani, akasema, "Nisamehe baba. Lakini lililonitapisha ni lile la katikati. Haya mengine mawili yananuka tu."

La katikati ndilo lililokuwa tayari. Mzee aliwashukuru wale wanane wakaenda zao. "Pua inayozoea hainifai kitu," alisema. "Namtaka huyu."

Basi hakuzoea, na kutozoea kwake ndiko kulikokuwa ujuzi wake. Wiki ya kwanza shimo lilinuka zizi. Ya pili lilinuka yai viza, na hiyo ndiyo harufu iliyokuwa ikiwakimbiza wageni mpaka getini, ingawa yeye aliivumilia. Wiki ya tatu, chini ya uchachu wa maziwa yaliyosahauliwa, ilizuka harufu nyingine nyembamba, tamu. Ni utamu huo uliokuwa ukimpindua tumbo. Asubuhi tumbo lilipopinduka, alitoka nje, akashika ukuta, akasukutua mdomo, kisha akawaambia watu wa mashine, "Washeni."

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Kigae cha kwanza cha kila shimo kilikuja kwake kikiwa bado kibichi, naye alikigeuza na kukandamiza dole gumba kwenye kona ya nyuma. Pasipo alama hiyo, dereva wa lori hakupakia hata kipande. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi walijua, na mafundi wa zamani walikuwa wakiuliza, "Dole lipo?" kabla ya kuuliza jambo lolote.

Hapo nina hasira zangu, na nitazisema. Mkono ambao mji mzima ulikuwa ukiutafuta nyuma ya vigae, nyumbani kwao hakuna aliyetaka kuuona ndani ya chungu. Bi Kinyaa alioga mara mbili kabla ya kuingia ndani. Nguo za kazi zilibaki mlangoni kwenye ndoo yenye mfuniko. Kucha alizikata mpaka zikauma. Lakini kila palipokuwa na shughuli ya ukoo, dada yake mkubwa alimpokea kwa mikono miwili, akamtafutia kiti kizuri mbali kabisa na jiko, akasema, "Wewe kaa tu mdogo wangu, umechoka." Alichoka mwaka wa kwanza, akachoka wa pili, akachoka mpaka wa ishirini na mbili. Akileta chakula kutoka kwake, bakuli lilipokewa kwa shukrani nyingi na kurudi limejaa. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikaa kwenye kile kiti akiwatazama wapishi, mmoja akionja mchuzi kwa upawa na kuurudisha upawa mlemle chunguni, mwingine akijikuna kichwa halafu anakanda unga, na yeye aliyeoga mara mbili ndiye aliyekuwa mchafu wao.

Halafu tanuri likafungwa. Amri ilitoka juu kwamba hakuna kuchoma tena kwa kuni, na kiwanda hakikuwa na njia nyingine ya kuchoma. Watu arobaini wakarudishwa nyumbani, akiwemo kijana wa dada yake aliyekuwa mlisha tanuri. Walibaki mlinzi, watu wawili wa mashine na Bi Kinyaa, aliyeambiwa alichunge shimo moja wakati Bosi, mwenye kiwanda, akitafuta akili nyingine.

Akili nyingine ilikuja kwa miguu, tena bila viatu. Alikuwa msanii, mchongaji aliyefundisha chuo cha sanaa, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, ndevu zimejiotea zitakavyo. Yeye na Bosi walikubaliana kutengeneza kitu kisichohitaji tanuri kabisa: vibao vya ukuta vya udongo uliokaushwa tu kivulini, vyenye mifereji iliyochongwa kwa ndani ili hewa ipite na chumba kipoe. Kiwanda kitoe udongo na mashine, msanii atoe maumbo. Mpaka hapo Bi Kinyaa hakuwa na neno. Siku ya kwanza ndipo msanii alipopanda ukingo wa shimo la wiki ya pili, akafumba macho, akavuta pumzi kwa pua zote mbili.

"Mama," alisema, "hii ni harufu ya uhai."

"Ni samadi," Bi Kinyaa akamjibu.

Msanii akaruka ndani. Alichota udongo akajipaka mashavuni, akamwomba mtu wa mashine ampige picha kwa simu. "Huyu ni mama yetu sote," alisema akijipangusa kifuani.

"Mama yangu alikuwa anaoga," Bi Kinyaa alisema, akageuka asije akatapika kabla ya wakati wake. Shimo lilimchefua kwa sababu zake, lakini mtu mzima anayejifurahisha ndani ya uchafu wa ng'ombe ili apigwe picha alimchefua hadi kwenye mifupa. Siku ya tatu msanii alitangaza kwa majivuno kwamba haisikii tena harufu yoyote. Bi Kinyaa akatikisa kichwa. Akawakumbuka wale wanane.

Lakini haki ni haki: alipochukua kisu, mikono ya mtu yule ilikuwa safi. Alichonga mifereji bila kukosea hata unywele mmoja, na kibao kikipasuka hakumlaumu mtu, alianza upya. Vilipasuka vingi. Walijaribu kuuchanganya udongo na maganda ya kahawa, wakajaribu makaratasi yaliyolowekwa, wakajaribu nyuzi za magunia. Mwisho msanii akaja na magunia matatu ya nywele kutoka kwa vinyozi wa mjini.

Bi Kinyaa alipochungulia ndani ya gunia la kwanza, alirudi nyuma hatua tatu. Nywele za watu asiowajua, zenye mafuta yao, mba zao na jasho lao. "Hizo haziingii shimoni mwangu," alisema.

"Lakini mama, zitashika udongo kama nyuzi."

"Kazifue kwanza."

"Nywele?"

"Kwa sabuni. Mara tatu. Uzianike juani, nije nizikague."

Msanii alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akafua siku mbili nzima, anasugua nywele kwenye karai kama mke aliyeolewa jana. Na vibao vya nywele zilizofuliwa havikupasuka hata kimoja, wakati vile alivyojaribu kwa siri na nywele zisizofuliwa vilibanduka kama ngozi iliyoungua. Mafuta ya vichwa ndiyo yaliyokuwa yakizuia udongo kushika. Msanii alikuja kumwonyesha, kibao kimoja kila mkono, na safari ile hakusema lolote kuhusu uhai. Alisema, "Mama, kinyaa chako kina akili kuliko mimi." Bi Kinyaa alikigeuza kibao kilichofanikiwa, akailowesha kona ya nyuma asubuhi nzima mpaka ikalainika, akapiga dole.

Vibao vile vya kwanza vilizungushwa mjini. Aliyevipenda alikuwa daktari, msimamizi wa kliniki ya mama na mtoto iliyokuwa ikijengwa, mwanamke mdogo wa umri na wa umbo, mwenye miwani. Alitaka vibao vya kuta zote za chumba cha kusubiria, mahali ambapo wajawazito wangeegemea na watoto wangelamba kama watoto wanavyolamba kila kitu. Akasema atakuja Alhamisi fulani, aone shimo, aone kibao cha kwanza cha kazi yake kikipigwa dole alilosikia habari zake, halafu asaini. Akisaini, Bosi aliwaambia watu, wote arobaini wanarudi Jumatatu inayofuata.

Shida ilikuwa hesabu ya siku tu. Alhamisi hiyo shimo lingekuwa na wiki mbili.

"Mwambie Daktari asogeze wiki moja," Bi Kinyaa alimwambia Bosi.

"Wateja hawasogezwi, bi mkubwa."

"Na udongo je?"

Bosi akacheka na kupanda gari lake.

Jumatatu ya wiki ile Bi Kinyaa alifika asubuhi, akavua viatu, akavaa mabuti, akajikaza tumbo kama kawaida yake, akavuta turubai. Hakukuwa na kitu. Yaani pua yake iliingia pale ikatoka mikono mitupu. Kisha ikaja harufu ya maua, maua yale ya kwenye chupa ambayo hayajawahi kuota popote. Shimo lilinuka kama choo cha hoteli. Juu ya maji palikuwa na povu la rangi ya waridi, na kando ya ukuta, nyuma ya koleo, kulikuwa na madumu matano matupu ya dawa ya kusafishia sakafu.

Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili tumbo lake lilitulia mbele ya shimo, na utulivu huo ulimtisha kuliko kutapika kokote. Aliingiza mkono, akachota donge, akalikunja. Likapasuka.

"Nani amefanya hivi?" alimuuliza Bosi.

"Mimi ndiye niliyeagiza. Unataka Daktari aje hapa azibe pua? Mtu anaweka hii kitu kwenye kliniki! Sasa panakalika. Hata wewe umefarijika, usijifanye."

"Umeua udongo, Bosi. Dawa imeua kila kilichokuwa humu. Hautashika tena hata ukikaa mwaka."

"Udongo ni udongo. Vibao vitapendeza, watu watapiga picha, vikianza kutoka vumbi tutapaka rangi. Wewe kazi yako Alhamisi ni dole."

Bi Kinyaa akamtazama msanii aliyekuwa amesimama mlangoni pa stoo. Msanii akatazama kisu chake. "Watu wa mjini hawawezi kuielewa ile harufu, mama," alisema polepole. "Tukishapata kazi, tutafanya vizuri shimo lijalo." Huyu ndiye aliyejipaka mashavuni. Bi Kinyaa alitamani kumtemea mate, lakini kutema mate ni uchafu.

Hakugombana. Alichota donge moja la udongo ule wa maua, akaenda nyuma ya bafu la wafanyakazi alikokuwa na ndoo yake, ndoo ya mbegu. Kila shimo lilipofunguliwa alihifadhi humo udongo uliokomaa, wa kuanzishia shimo linalofuata, jinsi watu wanavyobakiza maziwa mgando ya kugandishia mengine. Akachota na huo. Akafinyanga vigae viwili vidogo, kimoja cha kila udongo, akaviweka juu ya bati kunakopita jua kutwa. Mpaka Alhamisi vingekuwa vimekauka kabisa.

Jumatano jioni, jua likiwa bado linachoma mabati, dada yake akaja. Hiyo peke yake ilikuwa ajabu, maana dada hakuwa mtu wa kuja. Bi Kinyaa aliisuuza glasi mara mbili akamtengea maji. Dada akaishika, akaizungusha mkononi, akaiweka chini bila kuinywa.

"Mdogo wangu, nimekuja kwa wema," alianza. "Bosi amewaita vijana. Amewaambia ukipiga dole kesho, Jumatatu wanaingia kazini. Mwanangu amekaa ndani miezi saba, anatazama dari tu."

"Udongo umekufa, dada."

"Umekufa? Kwani ni mtu?"

"Kuta zitamwagika. Masika ya kwanza tu. Zitawamwagikia watoto wachanga vumbi na dawa ya choo."

"Kwani utakuwepo? Si utakuwa umeshafanya yako?" Dada akasogeza kiti, akashusha sauti ikawa ya upendo mtupu. "Sikiliza. Harusi ya binti yangu ni mwezi huu. Nimeshasema na wenzangu. Jiko lote utashika wewe. Kupika, kupakua, kila kitu. Atakayetia mkono mwingine tutagombana."

Bi Kinyaa angeambiwa hivyo mwaka wa tatu, au wa kumi, angelia kwa furaha na kumbusu dada yake miguu. Alikuwa amelitamani jiko lile mpaka akaacha kujiambia kwamba analitamani. Na sasa lililetwa mlangoni, kama mfupa anaotupiwa mbwa ili asibweke.

"Kumbe ulikuwa unajua, dada," alisema mwishowe.

"Kujua nini?"

"Kwamba sijachoka."

Dada akainuka. Akapanga nguo yake vizuri, akasema ni wewe na roho yako, akaondoka. Bi Kinyaa aliichukua ile glasi, akamwaga maji, akaiosha tena mara mbili ingawa hakuna aliyeinywea.

Alhamisi kiwanda kilifagiliwa mpaka kwenye pembe ambazo hazijaona ufagio tangu kizinduliwe. Bosi alivaa suti na viatu vinavyometameta, tena alikuwa amekodi mpiga picha. Msanii alikuwa amechana ndevu. Getini walikuwa wamejaa wale arobaini, shati safi kila mmoja, na kijana wa dada yake alikuwa mbele, ameshika nondo za geti kwa mikono miwili. Daktari aliingia, akanusa, akatabasamu. "Mbona pananukia vizuri!" alisema, na Bosi akainama kana kwamba sifa ile ni ya marashi yake.

Juu ya meza palikuwa na kibao cha kwanza, kibichi, kimechongwa kikapendeza mno. Kwa macho tu ungeapa kwamba hakina kasoro.

"Na huyu ndiye bi mkubwa wetu," Bosi alisema kwa sauti ya mkutano. "Mtaalamu wetu. Miaka ishirini na miwili hatujapeleka kitu nje bila dole lake. Karibu, bi mkubwa."

Bi Kinyaa akasogea. Kibao kikageuziwa kona ya nyuma. Aliinua dole gumba akalitazama. Lilikuwa limechanika kwa maji, kucha imekatwa mpaka mwisho, safi kuliko chochote kilichokuwa pale uani. Huu ndio mkono wanaousema mchafu, aliwaza. Nikiuweka hapa, watakuwa wamesema kweli.

Akaurudisha mgongoni. "Siweki."

Pale getini nondo zililia. Bosi alitabasamu kwa meno. "Bi mkubwa, usinichafue mbele ya wageni."

"Uchafu naujua, Bosi. Ndiyo kazi yangu."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kwa nini hutaki, mama?"

"Wewe Daktari, umewahi kukutana na udongo unaonukia maua?" Bi Kinyaa akavuta karai la maji aliloliweka chini ya meza, akatoa vigae vyake viwili mfukoni, akavitia vyote humo kimoja kimoja. "Hiki ni cha shimo hili mnalolinusa. Hiki ni cha udongo uliovunda kama inavyotakiwa. Tusubiri kidogo."

Haikuchukua muda. Kigae cha maua kilitoa mapovu pembeni, kikalegea, kikajimwaga taratibu mpaka maji yakawa uji. Kingine kilikaa pale chini, kona zake nne, kimya. Daktari aliingiza kidole katika ule uji akakitoa, akakinusa. Uso wake ukabadilika.

"Hii ni dawa ya sakafu," alisema. Akamgeukia msanii. "Ni kweli?"

Msanii akamtazama Bosi, akatazama vidole vya miguu yake. "Madumu matano," alisema. "Jumapili. Mimi ndiye niliyekoroga."

"Huyu mama amechoka, Daktari," Bosi akadakia, "umri nao—"

"Sijachoka," Bi Kinyaa alisema, na safari hii sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Akaenda nyuma ya bafu akarudi na ile ndoo. "Unataka kujua udongo wa kuta zako ukiwa mzima unanukaje? Sogea." Akafungua mfuniko.

Mpiga picha alikimbia. Bosi aliruka nyuma kuviokoa viatu vyake. Daktari alisogea kweli, akainama, akavuta pumzi moja, kisha akashika ukuta akatapika kifungua kinywa chote. Bi Kinyaa naye alikuwa ameshageuka upande wa pili akifanya vivyo hivyo, maana hakuwahi kuizoea. Alipojifuta alitoa leso ya pili, safi, akampa mwenzake.

"Una pua nzuri, mwanangu," alimwambia.

Daktari hakusaini siku ile. Alisema atarudi shimo likiwa tayari, siku tumbo la mama huyu litakaposema, na kwamba ataangalia dole kabla ya kushika kalamu. Wale arobaini walisikia sehemu ya kwanza tu. Kijana wa dada yake aliachia nondo, akatema mate chini palepale getini, akaondoka. Bi Kinyaa aliyaona yale mate. Alichukua maji akaenda akayamwagia.

Shimo lilikombwa lote, likasuguliwa, likaanzwa upya kwa ndoo ya mbegu. Msanii ndiye aliyekomba, siku nne, bila kupigwa picha. Hakuomba msamaha kwa maneno. Ila asubuhi ya nne Bi Kinyaa alikuta nywele za gunia zima zimefuliwa na kuanikwa, na maji ya mwisho kwenye karai yalikuwa meupe.

Harusi ikafika kati ya wiki zile. Bi Kinyaa alikwenda, maana mtoto hana kosa. Kiti kilikuwa palepale. Dada alimpokea kwa mkono mmoja na hakusema amechoka. Akaketi. Akamtazama mpishi mkuu akionja kwa upawa na kuurudisha chunguni, akijifuta pua kwa kiganja na kuendelea kupakua. Watu wakala wakasifu, na dada yake akala akaongeza. Bi Kinyaa alimpa bibi harusi mkono, akamwombea heri kwa moyo wake wote, akarudi nyumbani na njaa yake. Njiani alicheka peke yake mpaka akasimama.

Siku ya ishirini na moja alivuta turubai. Zizi lilikwisha, yai viza likakwisha, uchachu ukampiga, na chini yake ule utamu. Akashika ukuta. Alipomaliza alisikia mtu mwingine akitapika nyuma ya stoo. Alikuwa msanii, ameinama, machozi yamemjaa ndevuni.

"Leo imenishinda, mama," alisema.

"Sasa ndiyo unaanza kazi," Bi Kinyaa alimjibu. Akawageukia watu wa mashine. "Washeni."

Daktari alifika saa nne. Hakuambiwa kitu, alifika getini tu akaziba mdomo, akajua. Alishika kibao cha kwanza kikitoka, akapitisha vidole kwenye mifereji yake, akakigeuza mwenyewe. Bi Kinyaa akakandamiza dole mpaka likaacha mistari yake yote. Daktari akasaini pale pale juu ya meza, na Bosi, asiye na suti siku hiyo, akatuma watu wakawaite vijana.

Saa saba Bi Kinyaa alinawa mpaka kwenye viwiko, akakaa kwenye benchi la kivulini, akafungua bakuli lake la viazi vitamu alivyochemsha alfajiri. Daktari akaja akaketi kando yake, hana haraka.

"Sijala tangu asubuhi," alisema. "Niliogopa kupoteza tena. Umepika wewe, mama?"

"Nimepika mimi."

"Nipe kimoja basi." Na mkono ukaja moja kwa moja kuelekea bakulini.

Miaka ishirini na miwili mkono wa mtu haukuwahi kuja huko. Bi Kinyaa aliutazama. Ulikuwa na udongo kwenye kila mstari, samadi chini ya kucha, na unywele wa mtu asiyejulikana umeganda kwenye kidole cha pete. Akavuta bakuli, akalikumbatia.

"Kanawe kwanza," alisema. "Kwa sabuni. Mara mbili."

Daktari alicheka akaenda bombani. Alijisugua kweli, mara mbili, huku akitazamwa. Aliporudi, bakuli lilikuwa limewekwa katikati ya benchi, wazi, na kiazi hata kimoja kilikuwa hakijaguswa.